Wiki ya Pili Ndiyo Ngumu: Je, Tumpe Zawadi Anayekuja Kutibiwa Ulevi?

*Haya ni maneno ya mazungumzo ambayo mwelimishaji wetu wa afya alifanya na wanafunzi wa sekondari wilayani Kyela. Tumeyaweka hapa ili nawe msomaji uyasome na kuyajadili na wenzako.*



Leo sikuja kuwaambia kwamba pombe ni mbaya. Hilo mmelisikia tangu shule ya msingi. Wengine wenu mnalijua kuliko mimi, kwa sababu mnaishi nalo nyumbani. Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye ameshakubali mwenyewe kwamba pombe imemshinda. Amesema, "Jamani, nisaidieni." Amekwenda kituo cha afya, ameonana na mganga, amekaa na mshauri, na amepangiwa arudi Jumatano ijayo. Jumatano inafika. Haji.

Kwa nini haji? Na je, tukimwambia, "Ukija utapata kipande cha sabuni," atakuja? Na akija kwa ajili ya sabuni, huko ni kupona au ni kudanganyana tu?

Hilo ndilo swali letu la leo. Msicheke kwanza. Swali hili limefanyiwa utafiti na wataalamu kwa zaidi ya miaka 30, na majibu yake yanaweza kumsaidia baba yako, mjomba wako, kaka yako, au hata wewe mwenyewe siku moja.

Tatizo si nia peke yake

Mtu akiacha kwenda kliniki, jambo la kwanza tunalosema ni, "Hana nia." Tunasema ni mvivu, au anapenda pombe kuliko watoto wake. Lakini hebu tuangalie vizuri.

Uraibu ni hali ya mtu kushindwa kuacha pombe au dawa za kulevya hata anapoona wazi kwamba zinamharibia maisha. Ni ugonjwa, na makazi yake ni kwenye ubongo. Ubongo wetu una kemikali iitwayo dopamini. Kazi yake mojawapo ni kutufundisha: "Hili ni zuri, lirudie." Ukila ukiwa na njaa, dopamini inatoka. Ukisifiwa na mwalimu, inatoka. Pombe na dawa za kulevya huitoa kwa nguvu, tena kwa haraka. Mtu akirudia kwa miaka, ubongo unazoea. Mambo madogo ya kawaida hayamfurahishi tena kama zamani, na kitu cha karibu kinamvuta kuliko kitu cha mbali.

Sasa mweke mtu huyo katikati ya vitu viwili. Upande mmoja kuna kilabu. Kimpumu ipo, komoni ipo, na pembeni kuna mwenye gongo. Akienda pale anapata nini? Anapata raha sasa hivi, anapata marafiki, na mikono inaacha kutetemeka ndani ya dakika chache. Upande wa pili kuna kliniki. Akienda kule anapata nini? Anaambiwa kwamba akivumilia, baada ya miezi kadhaa ini litapata nafuu, mke atarudi na fedha zitabaki mfukoni. Yote hayo ni kweli kabisa, lakini yako mbali. Kilabu kinalipa leo, kliniki inalipa mwakani.

Somo la mgomba na kakao

Ninyi wa Kyela nadhani mtanielewa haraka kuliko watu wa mjini. Ukipanda mche wa kakao leo, utavuna lini? Utasubiri miaka mitatu, minne, pengine mitano. Je, familia itakula nini katika miaka hiyo? Ndiyo maana wazee wanachanganya kakao na migomba. Mgomba unaipa familia ndizi mapema, na majani yake yanaukinga mche mchanga usichomwe na jua. Kakao ikishakuwa kubwa na kusimama yenyewe, unapunguza migomba.

Hakuna anayesema kwamba mgomba ni hongo kwa kakao, si ndiyo? Basi zawadi ndogo kwa mgonjwa wa uraibu ni mgomba. Kupona ndiyo kakao. Zawadi inatoa faida ya leo na kivuli cha leo, mpaka faida kubwa ifike. Ikifika, unapunguza migomba.

Safari yenyewe nayo ni kazi

Kuna jambo jingine. Kuja kliniki kuna gharama, hata kama matibabu ni bure. Kwanza, nauli. Pili, kibarua cha siku hiyo kinapotea. Tatu, mvua. Mnajua wenyewe wilaya hii inavyonyeshewa: mwezi wa nne na wa tano mito inafurika, na mtu wa bondeni hawezi kufika popote. Nne, kazi za hapa zina majira yake. Mvuvi wa usipa anakesha ziwani na taa zake siku za giza, halafu asubuhi tunamwita kwenye kikao. Atakuja saa ngapi? Tano, aibu. Mtu anaona kwamba akionekana pale kila mtu atajua anatibiwa ulevi.

Kwa wanaotumia heroini hali ni ngumu zaidi. Tanzania ilianza kutoa tiba ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, na kwa kanda yetu huduma hiyo ilianza Mbeya mwaka 2017. Methadoni ni dawa ya maji inayomwondolea mtu maumivu ya kukosa heroini. Inatolewa bure, lakini anayeanza anatakiwa kwenda kuinywa mbele ya muuguzi kila siku. Narudia: kila siku. Kutoka hapa hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100. Mtu wa Kasumulu au Matema atafanyaje safari hiyo kila siku? Anayeacha dawa kwa sababu ya nauli, tutasema hana nia?

Kwa hiyo, kabla hatujazungumza juu ya zawadi, tukumbuke kwamba zawadi ya kwanza ni kumpunguzia mtu njia. Kikao kifanyike kijijini kwake. Cha wavuvi kiwekwe siku za mbalamwezi, wakati hawaendi ziwani kuvua usipa. Nauli irudishwe pale ambapo inawezekana. Hapo ndipo zawadi inafuata.

Mbona tumeshazoea?

Wengine mnaona jambo hili ni geni. Si geni hata kidogo. Mnakumbuka Hati Punguzo? Kuanzia mwaka 2004, mama mjamzito aliyekwenda kliniki alipewa hati ya kumpunguzia bei ya chandarua. Mama alikwenda kupimwa, akatoka na hati mkononi. Hakuna aliyesema kwamba amehongwa ili aende kliniki.

Na TASAF je? Katika mpango wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku ilifungwa na masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki. Mtoto alitakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Hayo ni malipo yanayotegemea mahudhurio, na pengine yamewasaidia baadhi yenu mlioketi hapa kufika kidato mlichopo. Hakuna aibu.

Basi swali si kama zawadi inaweza kumleta mtu. Tunajua inaweza. Swali ni kama inafaa kwa mgonjwa wa pombe au dawa za kulevya, na itolewe namna gani.

Ng'ambo ya Songwe: somo kutoka Malawi

Tuanze na jirani. Ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu, ukapita Karonga na kuendelea kusini, utafika wilaya ya Rumphi. Mwaka 2004, Rumphi na wilaya nyingine mbili za Malawi, Mchinji na Balaka, zilikuwa sehemu ya utafiti ulioandikwa na Rebecca Thornton, mtaalamu wa uchumi. Watu walipimwa virusi vya UKIMWI nyumbani kwao, kisha wakatakiwa waende wenyewe kituoni baadaye kuchukua majibu. Kila mmoja aliingiza mkono kwenye mfuko na kuchagua kwa bahati. Wengine walipata vocha ya fedha kidogo, ambayo wangelipwa wakifika kuchukua majibu. Wengine hawakupata kitu.

Matokeo yalikuwaje? Kati ya wasiopewa kitu, waliofika walikuwa asilimia 34 tu. Waliopata zawadi, hata ile ndogo ya kama sehemu ya kumi ya ujira wa siku moja, walifika karibu mara mbili ya hao. Na umbali ulikuwa na nguvu yake: waliokaa mbali na kituo walikwenda wachache zaidi.

Angalieni jambo hili. Fedha ile haikutosha kumtajirisha mtu. Ilimpa sababu ya kwenda leo badala ya kesho. Pengine pia ilimpa jibu la kuwaambia majirani: "Nafuata vocha yangu." Aibu ikapungua.

Bakuli la Marekani, riksho za India

Lakini kuchukua majibu ni mara moja. Ulevi unataka kurudi wiki hadi wiki. Je, zawadi inaweza kumshika mtu muda wote huo?

Mwaka 1991, Stephen Higgins na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walichapisha matokeo ya tiba mpya kwa watu waliokuwa wakitumia kokeini. Kila kipimo cha mkojo kilichoonyesha kwamba mtu hajatumia kilimpatia vocha. Kadiri alivyoendelea bila kukatiza, vocha ilipanda thamani. Akitumia tena au akikosa kipimo, anaanza upya chini. Hakupewa fedha taslimu. Vocha ilibadilishwa kwa vitu vinavyomvuta kwenye maisha mapya: vifaa vya baiskeli, vitabu vya kujisomea, hata leseni ya kuvua samaki. Hebu fikirini vitu hivyo hapa Kyela, penye baiskeli nyingi hivi na ziwa hili!

Tatizo la mpango ule lilikuwa gharama. Ndipo Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut akaja na bakuli. Aliyefanya vizuri aliingiza mkono kwenye bakuli lenye vikaratasi na kuchomoa kimoja. Vingi vilikuwa na zawadi ndogo, vichache zawadi ya kati, na kimoja tu zawadi kubwa kama televisheni. Mwaka 2000 alitoa matokeo ya kikundi cha wanaume 42 waliowahi kuwa wanajeshi na waliokuwa wakitibiwa ulevi wa pombe. Kati ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida, waliobaki hadi mwisho wa wiki nane walikuwa asilimia 22. Walioongezewa bakuli walibaki asilimia 84.

Baadaye ukaja mtindo wa vikundi: jina kwenye kofia. Kila anayehudhuria kikao anaandika jina lake na kulitia kofiani. Akija mfululizo anaongezewa vikaratasi vyenye jina lake. Mwisho wa kikao yanachomolewa majina machache, na wenye majina hayo wanapata zawadi.

Na msidhani mambo haya yanafaa Wazungu tu. Frank Schilbach alifanya utafiti Chennai, India, uliochapishwa mwaka 2019. Aliwafuata waendesha riksho 229, watu wanaosafirisha abiria kwa nguvu ya miguu yao na kunywa karibu kila siku. Kwa wiki tatu, baadhi yao walilipwa zaidi siku waliyofika bila kunywa, na kipimo cha pumzi kilithibitisha. Waliokuwa kwenye mpango huo walifika bila pombe mara nyingi zaidi kwa theluthi moja, na akiba yao ya fedha ikapanda kwa karibu nusu. Tena wengi walikuwa tayari kupata fedha pungufu ili mradi wawekewe sharti la kutokunywa. Mnaona? Walitaka kuacha. Walitaka kitu cha kuwashika mkono.

Kilombero: zawadi ndogo mno haitoshi

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2009 na 2010, bonde la Kilombero mkoani Morogoro lilikuwa na utafiti wa vijana wa miaka 18 hadi 30. Walipimwa magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi minne, na waliougua walitibiwa bure. Kundi moja liliahidiwa shilingi 10,000 kila mtu akikutwa hana magonjwa yale, kundi la pili shilingi 20,000, na la tatu halikuahidiwa fedha. Miezi minne ya kwanza, hakuna tofauti. Miezi minane, bado. Mwaka ulipotimia, kundi la 20,000 lilikuwa na maambukizi pungufu kwa takriban robo. Kundi la 10,000 halikuwa na tofauti.

Tunajifunza nini tukiweka Rumphi na Kilombero pamoja? Kumfikisha mtu mlangoni mara moja, kitu kidogo kinatosha. Kubadilisha tabia iliyozoeleka kunataka kitu chenye uzito, na kunataka muda. Anayesema, "Tulitoa sabuni wiki tatu, hawakuacha pombe, zawadi hazifai," amevuna mpunga kabla haujatoa suke.

Kanuni tano za zawadi

1. *Itolewe papo hapo.* Mtu amekuja leo, apewe leo. Ukimwambia "utapata mwisho wa mwaka," umerudi kule kule kwenye faida ya mbali.

2. *Ahadi itimizwe kila mara.* Ukiahidi kikaratasi, kitoke. Siku moja tu ukisema "zawadi zimechelewa," imani inakwisha.

3. *Ipande kwa anayerudi mfululizo.* Hapa fanyeni hesabu. Wiki ya kwanza mtu anatia kikaratasi kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, hivyo hivyo. Anayekuja wiki sita bila kukosa ametia vikaratasi 21. Anayekosa wiki ya nne anaanza tena na kimoja wiki ya tano, kisha viwili ya sita, jumla tisa. Amekosa siku moja tu, lakini nafasi zake zimepungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyemgombeza. Hesabu yenyewe imemfundisha.

4. *Iwe kitu, isiwe fedha.* Sabuni, kilo ya mchele, daftari za mtoto, kiraka na gundi ya baiskeli, uzi wa kushonea nyavu. Vitu vya nyumbani vina faida nyingine: mke na watoto wanaviona. Baba aliyekuwa akitoka na fedha na kurudi mikono mitupu, leo amerudi na mchele.

5. *Iambatane na tiba.* Zawadi inamleta mtu kwenye kiti. Akishaketi lazima akute mganga, mshauri, na wenzake wanaomwelewa. Sabuni haiponyi ulevi.

Kama watu wa imani fulani wanaona bakuli au kofia ni kamari, au kama kikundi kina watu wanaosumbuliwa na kubeti, acheni bahati nasibu. Tumieni kadi. Kila akija anagongewa muhuri, na mihuri minne inampa kitu kinachojulikana. Inafanya kazi ile ile.

"Lakini dada..."

Najua mna maswali. Wacha nijibu machache kabla hamjaniuliza.

*"Hiyo si hongo?"* Hongo ni kumlipa mtu afanye kosa, au aache wajibu wake kwa faida yako. Hapa mtu anasaidiwa kufanya jambo jema kwa faida yake mwenyewe, na kila mtu anaona. Wala si posho ya semina. Posho inamlipa mtu kwa kukaa, awe amesikiliza au amesinzia. Zawadi hii inapanda kwa anayeendelea, na inapunguzwa akishasimama.

*"Si atauza sabuni akanywe?"* Inaweza kutokea. Ndiyo maana tunatoa vitu vidogo, mara kwa mara, na tunachagua vile ambavyo familia inavihitaji. Na aliyekuja amelewa tusimfukuze, maana siku hiyo ndiyo anatuhitaji zaidi. Aketi, asikilizwe, ila siku hiyo asitie jina kofiani.

*"Mbona mimi nisiyekunywa sipewi?"* Swali zuri, na wazazi wenu watauliza hivyo hivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa bure. Je, wewe mwenye mapafu mazima unalalamika? Akipona yeye, na wewe umekingwa. Mlevi akipona, anayepata faida ya kwanza ni yule ambaye hanywi: mke, mtoto, jirani.

*"Zawadi zikiisha je?"* Hapo niseme ukweli wote. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba zawadi zikikoma, nguvu yake inapungua, na baadhi ya watu wanarudi walikotoka. Sisi wa mashirika tunajua mradi una mwanzo na mwisho. Mfadhili akiondoka, gari linaondoka. Kwa hiyo zawadi inayotegemea mfadhili peke yake ni mgomba wa kuazima. Ni afadhali zawadi ndogo ambayo kijiji chenyewe kinaimudu: kikundi cha akina mama, chama cha ushirika cha wakulima wa kakao, kanisa, msikiti. Kilo tano za mchele kwa wiki zinaweza kuwa zawadi za kikundi kizima, tena za kudumu. Na muda ule ambao zawadi zipo utumike vizuri: mtu apate kazi ya kufanya jioni, marafiki wasiokunywa, na akiba kidogo. Hayo ndiyo yatabaki.

KUMBUKA!

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege na kufa. Mpelekeni kwanza kituo cha afya au hospitali, ili apunguziwe kwa dawa na uangalizi. Na kamwe msimshindanishe mtu kwa zawadi: "Ukikaa siku tatu bila kunywa tutakupa kuku." Mnaweza kumuua mkidhani mnamsaidia. Mwanzoni zawadi ni ya *kuja*. Habari ya kuacha, mganga atapanga naye.

Ninyi mfanye nini?

Sitaki mtoke hapa mkaanze kutibu watu. Hiyo si kazi ya mwanafunzi. Lakini mnaweza kufanya mambo haya:

• Msindikize. Kama ndugu yako amekubali kutibiwa, kumbuka tarehe yake kuliko yeye. Mwambie, "Baba mdogo, kesho Jumatano, twende wote, nami napita njia hiyo." Kusindikizwa nako ni zawadi.

• Sifu kuja, hata kama bado hajaacha. Akirudi kutoka kliniki usimuulize, "Umeacha?" Mwambie, "Asante kwa kwenda." Neno hilo halina gharama, na linatolewa papo hapo.

• Acha majina ya dhihaka. Ukimwita mtu teja au mlevi mbele ya kituo, umeongeza nauli yake ya aibu. Wiki ijayo hataweza kuilipa.

• Peleka wazo. Klabu yenu ya afya inaweza kumwalika mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa ustawi wa jamii na kumuuliza: Hapa kwetu wanaoanza matibabu ni wangapi, na wanaorudi wiki ya pili ni wangapi? Swali hilo peke yake linaweza kuamsha watu.

• Jilinde. Kama nyumbani kuna mtu anayelewa na kupiga, si kazi yako kumtuliza. Mwambie mwalimu unayemwamini, au piga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba mwezi Machi 2017, na ilifanya vizuri. Lakini marufuku inaziba mlango mmoja tu. Yule ambaye tayari ameshazama anahitaji kufunguliwa mlango mwingine, tena ulio karibu, na penye mtu wa kumwambia "karibu" kila wiki. Kilabu humkaribisha kila siku, na hakijawahi kumuuliza kama ana nia. Sisi tunashindwa nini kumpokea Jumatano moja kwa kilo ya mchele?

 

JADILINI DARASANI

1. Taja mambo matatu yanayomzuia mtu wa kijijini kwenu kurudi kliniki. Lipi linaweza kuondolewa bila fedha?

2. Kikundi cha watu 12 kina kilo tano za mchele kila wiki. Pangeni utaratibu wa zawadi unaofuata kanuni tano. Nani ataweka kumbukumbu, na mtahakikishaje haki?

3. "Asiyekunywa ndiye anayestahili zawadi." Gawanyikeni makundi mawili mjadiliane, kisha mbadilishane pande.